Usaha Uliofichwa Kwenye Nyonga Yangu

Ndugu zangu wa usharika huu na wa mitaa yote ya Rungwe, nawasalimu kwa jina la Bwana, aliyeniacha niwe hai mpaka leo niwaandikie. Sifa zote ni zake.

Mimi ni Mama Gwamaka wa Kawetele. Shule niliishia darasa la tatu, kwa hiyo mkiona maneno yamekaa upande mnisamehe. Mwalimu wa shule ya Jumapili amenisaidia kunyoosha herufi. Hasira aliyoikuta humu nilimkataza kuitoa. Watu wengine wakishuhudia husema "ndugu fulani alinitendea hivi." Mimi nitawataja kwa majina, kwa sababu wao jina langu walilitembeza sokoni Tukuyu mpaka likachakaa.

Wenye umri wangu mnakumbuka shamba la chai lilipokuwa bado la serikali. Nilikuwa mchumaji. Asubuhi moja ya mvua, trekta lililokuja kukusanya majani lilirudi nyuma kwenye utelezi, na tela likanibana kwenye ukingo. Nilisikia kitu kimekatika ndani ya nyonga kama kuni mbichi. Nikabebwa hospitali ya Makandana, kutoka hapo nikapelekwa mbali, hospitali kubwa, shamba likagharamia. Kule walikuta shingo ya mfupa wa paja imekatika. Wakatoa kichwa cha ule mfupa, wakaweka cha chuma. Nilionyeshwa kwenye picha: tufe limekaa pale nyonga inapozungukia, na mkia wake mrefu umechomekwa ndani ya paja. Nikajifunza kutembea upya. Ndugu zangu, chuma kile kilinitumikia vizuri miaka mingi. Nililima, nilibeba ndizi, nilizaa mtoto wangu wa mwisho nikiwa nacho.

Halafu ukaja wakati wa kila mtu na biashara yake. Shamba likauzwa kwa watu binafsi, tukapunguzwa kazi kwa makundi. Mume wangu akaenda Chunya kutafuta dhahabu, nami nikabaki nyumbani kwa wakwe na watoto. Katika waliopunguzwa alikuwemo Andwele, aliyekuwa karani wa mizani. Wachumaji mnamjua, na kilo zetu mnajua alizipeleka wapi. Huyo Andwele, asiyewahi kulala hata siku moja katika chuo cha uuguzi, akafungua duka la dawa baridi karibu na stendi ya Tukuyu. Kibali chake kilikuwa cha vidonge vya kichwa na dawa za minyoo. Nyuma ya pazia alikuwa na sindano.

Mwaka mmoja malaria ilinibana, nikaingia kwake kwa sababu foleni ya hospitali ilifika barabarani. Akaniambia nigeuke anichome tako. Nikamwambia, "Andwele, upande huo nina chuma, choma huku kwingine."

Akacheka, na wateja wake wakacheka naye. "Mama Gwamaka, sindano yangu haitoboi chuma. Tulia."

Akachoma palepale.

Likaota jipu. Akalikamua mwenyewe kwa vidole vyake, akanipa rangi mbili, zile kapsuli nyekundu na nyeusi. Juu pakapona. Ndani pakaanza. Nyonga ikawa inavuta, kwanza nikipanda mlima, halafu hata nikiwa nimekaa. Kila ikizidi nilienda kwa Andwele anipe rangi mbili. Nikimeza inapoa, nikiacha inarudi. Na ninyi ndugu zangu mlikuja kunitazama, mkaniletea rangi mbili zimefungwa kwenye karatasi, kama zamani mlivyoleta mkungu wa ndizi. Ndivyo tulivyopendana siku zile. Sikuwalaumu, na leo siwalaumu.

Mwisho nikashindwa kuvuka hata uwanja wa nyumba. Hospitali ya wilaya wakapiga picha, wakasema chuma kimelegea, kinacheza ndani ya mfupa. Wakaniandikia niende hospitali moja ya misheni, mwendo mrefu kutoka kwetu, ambako mara moja kwa mwaka huja daktari bingwa kutoka ng'ambo na vyuma vipya. Jina la hospitali silitaji, kwa kuwa hawakunikosea. Daktari wao mwenyeji alikuwa mtu wa Moshi, mpole, aliyezoea kuvuta kiti na kukaa ndipo aongee. Wifi yangu Subilaga, dada wa mume wangu, ndiye aliyenisindikiza. Aliyasikia yote kwa masikio yake mawili.

Daktari alisema, "Mama, chuma kinalegea kwa sababu mbili. Kinaweza kulegea kwa kuchakaa tu. Au kuna usaha chini umekaa na chuma, unakula mfupa polepole. Kwa macho siwezi kujua ni ipi. Kama ni kuchakaa, tunatoa cha zamani na kuweka kipya siku hiyo hiyo. Kama kuna usaha na tukaweka kipya juu yake, kipya nacho kitaoza. Hapo utapoteza mguu, na pengine hatutaishia kwenye mguu. Chuma cha kimo chako kimeletwa kimoja. Kwa hiyo lazima tujue kabla ya kukata."

Nikamuuliza wanajuaje.

"Tunaingiza sindano ndefu mpaka kwenye nyonga, tunavuta maji yaliyomo, tunayapeleka maabara wayaoteshe. Kama kuna wadudu, wataota. Lakini ukiwa unameza rangi mbili hawaoti. Zile dawa zako haziwaui, zinawalaza. Sindano itarudi na habari ya uongo. Nenda nyumbani, usimeze hata moja kwa wiki mbili, halafu urudi."

Subilaga akaitikia kwa kichwa. Akasema, "Tumeelewa, daktari."

Ndugu zangu, nirudi Kawetele nyumbani kwa baba mkwe wangu. Sisi Wanyakyusa tunajua, lakini maandishi haya yanaweza kusomwa na mtu wa kwingine, kwa hiyo nieleze. Kwetu mke wa mwana hakutani na baba mkwe. Akisikia kikohozi chake njiani anaingia migombani. Hali naye, hamtazami, hamsemeshi, na jina lake halimtoki kinywani mpaka kaburini. Hata tulipookoka tuliishika heshima hiyo, wengine kidogo, wengine sana. Kwetu ilikuwa sana. Miaka yote niliyokaa kwenye boma lile nilimjua baba mkwe kwa sauti ng'ambo ya ukuta na kwa mgongo wake ukienda kanisani.

Mzee huyo alikuwa mteja wa Andwele. Na Andwele, aliposikia nimekatazwa rangi mbili, alimwendea mzee akamwambia, "Hao wanataka mgonjwa azidiwe ndipo wamkate vizuri. Mtu anaoza, wao wanasema asimeze dawa? Wapi umeona?" Baba mkwe akaingiwa na hofu. Akanunua kapsuli, akampa Subilaga, akamwamuru azifungue na kumwaga unga wake kwenye uji wangu wa ulezi asubuhi na jioni. Nami nisiambiwe, maana ningekataa.

Mimi nilikuwa nakunywa uji na kumshukuru wifi kwa upendo wake. Niliona una uchungu kidogo, nikadhani ulezi ni wa zamani.

Na nyonga ikapoa. Siku zile, ndugu zangu, niliamini nimeponywa. Mlinishika mikono mkanileta hapa kanisani, nikasimama mbele yenu nikashuhudia kwamba maumivu yameondoka bila dawa yoyote, nanyi mkapiga makofi na kuimba. Mnakumbuka. Andwele alikuwa amekaa benchi la wazee wa kanisa, akapiga makofi pamoja nanyi, huku akijua kilichokuwa tumboni mwangu. Hilo ndilo linaloniuma kuliko sindano yake. Aliniacha nimsingizie Mungu muujiza mbele ya watu.

Tukarudi hospitali. Safari hii baba mkwe naye alikuja kama mkubwa wa familia, akafikia kwa ndugu wa mbali, mchana akikaa kwenye veranda ya nje. Mimi nilijifunika khanga kila kivuli chake kilipopita dirishani. Sindano ikaingia. Tukangoja mpaka siku zao za kuotesha zikaisha, daktari akaja na majibu: hakuna kilichoota.

Wifi akasema haleluya. Daktari akavuta kiti.

"Mama, kuna kipimo kingine, cha damu. Cha kwako kiko juu sana, kama cha mtu mwenye usaha mwilini. Damu inalalamika, sindano inasema hakuna kitu. Uliwahi kumeza chochote tangu tulipoagana?"

"Sijameza, daktari. Mungu ananiona."

Na Mungu alikuwa ananiona kweli. Sikujua.

Nilimwona akibishana kwa upole na yule bingwa mgeni pembeni ya dirisha. Mgeni alikuwa na siku chache za kukaa, na wagonjwa wengine wanangoja. Wakaafikiana nikatwe kesho yake, chuma kitoke na kipya kiingie.

Mchana ule Subilaga akaleta uji kwenye chupa. Nikanywa. Kitu kikanigandia kwenye kaakaa, chembamba, kama gamba la haragwe. Nikakitoa kwa kidole. Kilikuwa nusu ya ganda la kapsuli, jekundu.

Nikamwonyesha. "Wifi, hiki nini?"

Akatazama mlangoni kwanza. "Kitakuwa kimetoka kwenye ndoo ya jikoni. Wagonjwa ni wengi hapa."

"Subilaga."

"Kunywa uji, upoe."

"Shangazi wa watoto wangu wote wewe, niambie."

Akaanza kulia. Akanieleza yote kama nilivyowaeleza, toka siku ya kwanza. Nilihisi kitanda kinazama. Nikamwambia nitamweleza daktari sasa hivi.

Akanishika mkono. "Utasemaje? Utamtaja baba? Wewe? Mbele ya wanaume? Afadhali ufe na heshima yako, Mama Gwamaka. Mimi nitasema nini nyumbani? Tena wameshasema uko safi, unatafuta nini kingine? Wakuwekee chuma chako twende."

Ndugu zangu, msicheke. Nililala na hilo neno kifuani, na sikupata usingizi. Nikikaa kimya, wataweka chuma kipya juu ya usaha uliolala, na usaha utaamka. Nikisema, nimevunja kitu ambacho mama yangu alikivumilia maisha yake yote bila kukivunja. Niliomba, na sikusikia sauti wala kuona nuru. Nililoliona ni watoto wangu wanne, na baba yao yuko mashimoni Chunya.

Asubuhi madaktari walikuja na wauguzi. Muuguzi aliyeandika majibu yetu alikuwa dada wa Kyela, Mnyakyusa mwenzangu. Nikasema, "Daktari, usinikate. Nimelishwa rangi mbili kwenye uji."

Daktari akainama. "Nani amekulisha?"

Subilaga alikuwa amesimama miguuni mwa kitanda, ameziba mdomo. Mlango wa veranda ulikuwa wazi, na kofia ya mzee niliiona.

Nikasema, "Duka ni la Andwele. Mkono ni wa wifi yangu huyu. Aliyeamuru ni baba mkwe wangu, Asajile."

Yule dada wa Kyela kalamu ikamsimama. Alinitazama kama mtu aliyeona nyumba inaungua. Daktari wa Moshi hakuelewa nimefanya nini. Kwake lilikuwa jina tu. Akasema, "Asante mama, umejiokoa," akageuka kuongea na mgeni wake. Huko nje nilisikia kiti kikisukumwa, na hatua zikishuka ngazi.

Hawakunikata; daktari akaniambia nibaki palepale wodini nianze upya zile wiki mbili bila dawa. Mgeni akaenda zake ng'ambo, akiahidi kurudi mwaka utakaofuata. Baba mkwe na wifi wakaondoka siku ile ile bila kuniaga, wakaniacha pale kama mzigo uliokosa mwenyewe. Andwele alipopata habari akatangaza sokoni kwamba nimechanganyikiwa, kwamba nimemtukana mkwe mbele ya wazungu. Kuna mama mmoja wa Makete, Mama Sanga, aliyekuwa akimuuguza mwanawe kitanda cha pili. Yeye ndiye aliyenilisha viazi vyake na mboga zake bila kuniuliza habari za ukoo wangu. Mungu amkumbuke.

Wiki mbili zile bila dawa zilikuwa kama kukaa kwenye tanuri. Wadudu waliamka. Homa ilipanda, nyonga ikavimba, ikawa nyekundu na ya moto, nikaona kwa macho yangu kitu nilichokuwa nikikificha na kufichiwa. Nilimwomba daktari hata kapsuli moja. Akakaa kwenye kiti chake akasema, "Nikikupa leo, naziba mdomo wa shahidi. Vumilia. Ukianza kuzidiwa nitakata hata kabla ya siku, sitakuacha." Na kila asubuhi alikuja kunipima.

Sindano ya pili ilipoingia, maji yaliyotoka yalikuwa mazito, rangi ya togwa. Yakaota. Maabara wakajua ni mdudu gani, tena wakajaribu dawa juu yake moja baada ya nyingine. Rangi mbili haikutosha kumuua. Miaka yote ile, ndugu zangu, tulikuwa tukimbembeleza. Dawa iliyomuua ilikuwa nyingine kabisa, ya mshipani.

Daktari akanikata, akatoa chuma cha zamani, akasafisha, hakuweka kingine. Nikalala miezi bila nyonga, mguu umefungwa na mawe ya kuuvuta, dawa inaingia kwenye mshipa, baadaye vidonge alivyonipa yeye mwenyewe. Kisha akasimamisha dawa zote, akangoja, akapima tena damu, akaingiza tena sindano. Safari hii nilimtazama usoni alipoleta majibu. Damu imetulia na sindano haikuota kitu, na kati yangu na yeye hapakuwa na uji wa mtu. Mgeni aliporudi mwaka uliofuata, chuma cha kimo changu kikaingia mahali pasafi.

Nilirudi Kawetele kwa magongo, halafu kwa fimbo moja hii mnayoiona.

Nikaitwa na baraza la wazee wa kanisa. Mashitaka: kumvunjia heshima baba mkwe. Andwele alikuwa mmoja wa waamuzi, naandika hilo mlijue. Baba mkwe alikaa upande wa pili, amegeuzia uso ukutani ili tusionane. Wakaniambia nipige magoti niombe radhi. Nikasema siwezi, daktari amenikataza kuchuchumaa na kupiga magoti, chuma kitachomoka. Andwele akasema, "Sasa ana daktari kuliko Biblia." Mchungaji akamwambia anyamaze, mimi nisimame hivyo hivyo.

Nikasema nikiwa nimesimama: "Kwa kutamka jina lake naomba radhi, kwa sababu ni baba. Kwa kusema alichofanya siombi. Ningenyamaza mngekuwa mmenizika."

Halafu baba mkwe akaongea, bado uso uko ukutani. Hakuongea na wazee. Aliongea nami, kwa mara ya kwanza tangu niolewe. Akasema, "Nilidhani nakuponya, mwanangu." Akanyanyuka akatoka. Machozi yakanitoka nikiwa nimesimama palepale.

Yeye nimemsamehe. Subilaga najaribu kumsamehe, tunasalimiana. Andwele bado. Duka lake liko wazi, pazia liko palepale, na kila ninapopita naona mguu wa mtu chini ya lile pazia. Niombeeni, kwa maana najua Bwana anadai na huyo nimsamehe, ila nikimsamehe nisije nikanyamaza.

Sasa ndugu zangu, ule ushuhuda wangu wa kwanza mlioupigia makofi naufuta leo. Pokeeni huu. Mungu aliniponya kwa sindano iliyongoja, kwa daktari aliyekataa kufurahi upesi, na kwa kunipa kinywa siku ambayo kimya kilikuwa na heshima zaidi. Ndaga fijo, Kyala wangu, asante sana, Mungu wangu.

Kama uko nyumbani leo na mwili wako una kitu kinachooza chini ya ngozi iliyopona, usimfiche Bwana na usimfiche daktari. Mwambie ulichomeza, na aliyekupa, hata kama ni mkubwa wako. Mtegemee Mungu na umwache akuone kwanza jinsi ulivyo, kabla hajakuwekea kipya. Mimi nipo Kawetele. Mwenye kuogopa kwenda peke yake aje anichukue, nitamsindikiza, natembea.